Jua la Februari na Mhudumu wa Bodaboda: Somo kwa Wakazi wa Kitale na Bungoma

Saa kumi na mbili asubuhi mjini Kitale, mhudumu wa bodaboda huvaa makoti mawili na glavu, kwa kuwa baridi ya alfajiri inauma. Saa nane mchana mhudumu huyo huyo bado yumo ndani ya koti lile lile, ameketi juu ya pikipiki kando ya lami akingoja abiria. Hajanywa kitu tangu chai ya asubuhi. Kichwa kinamgonga, macho yanawasha, na amejibizana na mteja bila sababu. Akiulizwa, husema ni uchovu tu.

Somo hili linamhusu yeye, abiria wake, na familia inayomngoja nyumbani jioni. Ukilisoma hadi mwisho utaweza:

1. kueleza kwa nini joto la Januari hadi Machi ni hatari kwa mtu aliye kwenye pikipiki;
2. kutambua dalili za mwili kuzidiwa na joto, na kutoa huduma ya kwanza;
3. kuchagua mavazi, maji na saa za kazi zinazofaa;
4. kutunza pikipiki na kusoma barabara wakati wa kiangazi;
5. kujua mahali pa kupeleka ombi la kivuli na maji katika steji yenu.

Kiangazi chetu kikoje?

Wengi wetu huamini kuwa joto kali ni la Lodwar, Garissa au Mombasa, wala si la huku kwetu kwenye mahindi na miwa. Ni kweli kwamba Kitale iko juu, takriban mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Bungoma iko chini zaidi, takriban mita 1,400. Kwa kawaida hewa huongezeka joto kwa nyuzi sita hivi kila unaposhuka mita 1,000. Kwa hiyo mhudumu anayetoka Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha Bungoma, anashuka kuingia katika hewa yenye joto zaidi kwa nyuzi tatu hivi, akiwa bado amevaa nguo za Kitale. Anayepeleka mzigo upande wa kaskazini, akapita Kapenguria na kuteremkia Ortum na Marich, hukutana na tofauti kubwa kuliko hiyo.

Kuna jambo la pili. Miji yetu iko karibu sana na mstari wa ikweta, na karibu na tarehe 21 Machi jua la adhuhuri hupita juu ya utosi. Tena kadiri unavyopanda mlima ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi na kuzuia miale michache zaidi: miale inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000. Ndiyo maana mtu anaweza kuungua shingo na mikono mjini Kitale hata siku ambayo hewa haionekani kuwa ya moto.

La tatu ni saa. Jua huwa kali zaidi saa sita mchana, lakini hewa huendelea kupata joto kutoka ardhini hata baada ya hapo. Kilele cha joto huwa kati ya saa nane na saa tisa. Mtu anayesema "saa sita imepita, sasa jua linapoa" anajiingiza katika saa mbaya kuliko zote.

Hali hii si ya kupuuzwa. Mwezi Februari 2025, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilitoa tahadhari ya joto kali kwa maeneo mengi ya nchi, na mwezi huo huo jirani zetu wa Sudan Kusini walifunga shule kwa wiki mbili baada ya wanafunzi kuzirai kwa joto.

Mwili unavyojipoza, na upepo unavyodanganya

Joto la ndani la mwili wa mtu mzima ni karibu nyuzi 37. Mwili hufanya kila njia lisipande. Njia yake kubwa ni jasho. Jasho halipozi kwa kutoka tu; hupoza linapokauka juu ya ngozi. Lita moja ya jasho likikauka lote huondoa joto ambalo lingeweza kuchemsha zaidi ya lita sita za maji baridi. Jasho linalodondoka chini, au linalolowesha fulana chini ya koti la plastiki, limepotea bure: umepoteza maji na chumvi na hujapoa.

Mtu aliye kwenye pikipiki inayokwenda hupigwa na upepo. Upepo huo hukausha jasho upesi hata asilione, na anahisi vizuri. Hapo ndipo anapodanganyika. Maji yanatoka mwilini wakati wote, lakini kwa kuwa hana jasho usoni anaamini hahitaji kunywa. Akifika steji na kusimama, upepo unakatika ghafla. Chini yake kuna lami nyeusi, ambayo juani inaweza kupita nyuzi 50; kati ya magoti yake kuna injini iliyotoka kazini; kichwani ana kofia ngumu. Joto linamjia kutoka juu, chini na kando kwa pamoja. Wahudumu wengi huanza kuumwa kichwa wakiwa wamesimama, si wakiwa safarini.

Upepo nao una mpaka wake. Hewa ikiwa na joto kuliko ngozi, yaani ikipita nyuzi 35 hivi, upepo huanza kukuongezea joto badala ya kukupoza. Jambo hilo ni nadra Kitale, lakini anayekwenda Lokichar au Lodwar alijue kabla ya kuondoka.

Mwili uliopungukiwa maji huumiza kichwa, na pia huharibu umakini. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, waliwapima madereva wachache kwa mtambo wa kuigiza uendeshaji wa gari kwa saa mbili. Walipokuwa wamekunywa maji ya kutosha walifanya jumla ya makosa 47, kama kutoka nje ya mstari au kuchelewa kufunga breki. Walipokuwa wamenyimwa maji kiasi, makosa yalifika 101. Dereva wa gari akikosea kidogo amezungukwa na mabati. Wa bodaboda amezungukwa na hewa.

Dalili: ngazi tatu

Joto halimwangushi mtu bila kumwonya. Zijue ngazi hizi.

*Ngazi ya kwanza: onyo.* Kiu, mdomo mkavu, mkojo wa rangi ya chai ya rangi au kukosa haja ndogo tangu asubuhi, misuli ya mapaja au tumbo kukaza, hasira zisizo na sababu. Hapa dawa ni kivuli na maji.

*Ngazi ya pili: mwili umechoka kwa joto.* Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, jasho jingi, ngozi yenye unyevunyevu, mapigo ya moyo kwenda mbio, miguu kulegea. Mtu huyu asiendeshe tena pikipiki mpaka apate nafuu kamili. Asiambiwe "nipeleke tu hapa karibu."

*Ngazi ya tatu: hatari ya kifo.* Mtu anaongea maneno yasiyoeleweka, anayumba kama mlevi, anapata degedege au anazimia. Ngozi ni ya moto, ikiwa kavu au hata ikiwa na jasho. Joto la ndani limefika nyuzi 40 au kupita. Ubongo, figo na moyo vinaumia kila dakika inayopita. Watu wengi hupita kando ya mtu kama huyu wakidhani amekunywa pombe. Usipite. Mguse ngozi.

Huduma ya kwanza steji

Kwa ngazi ya pili:

1. Mpeleke kivulini. Mvue kofia, koti, viatu na soksi. Fungua vifungo vya shati.
2. Mlaze na umwinue miguu kidogo.
3. Mloweshe maji kichwani, shingoni na mikononi, na mpepee kwa kipande cha boksi au gazeti.
4. Mpe maji kidogo kidogo, au maji yenye chumvi na sukari.
5. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, apelekwe kituo cha afya.

Kwa ngazi ya tatu, fanya hayo ya kumpoza mara moja huku mwingine akipiga simu ya dharura 999 au 112, au nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea bila kukoma. Wekeni vitambaa vya maji baridi shingoni, kwapani na kwenye kinena. Msimpe chochote kinywani ikiwa hana fahamu au hawezi kumeza, maana atapaliwa. Mlazeni kwa ubavu. Msimfunge katikati ya watu wawili juu ya pikipiki kumkimbiza hospitali chini ya jua; tafuteni gari, na mwendelee kumpoza njiani. Kumpoza kwanza ndiko kunakookoa maisha.

Ikiwa mtu ameanguka na pikipiki na huenda ameumia shingo, msimvue kofia ovyo. Mpozeni bila kumgeuzageuza mpaka mwenye ujuzi afike.

Joto au malaria?

Swali hili ni letu hasa. Bungoma imo katika ukanda wa magharibi ambako malaria huwapo mwaka mzima, na Trans Nzoia hupata milipuko. Mhudumu akiumwa kichwa, akalegea na kuhisi joto, wengi humwambia anunue vidonge vya malaria na arudi kazini. Hilo ni kosa kwa pande zote mbili.

Kanuni rahisi ni hii. Kaa kivulini, kunywa maji, jipoze. Kama ni joto, kwa kawaida utaanza kuhisi tofauti ndani ya nusu saa. Kama homa inabaki, inarudi usiku, au inakuja na kutetemeka kwa baridi, nenda ukapimwe damu kabla ya kumeza dawa. Ujue pia kwamba vidonge vya kutuliza homa haviwezi kushusha joto la mtu aliyezidiwa na jua. Joto hilo halikutoka ndani kwa ugonjwa; limeingia kutoka nje, na linatolewa kwa maji na upepo.

Wenye shinikizo la damu wanaotumia vidonge vya kuongeza mkojo, wenye kisukari na wenye ugonjwa wa figo wamuulize mhudumu wao wa afya kiasi cha maji kinachowafaa msimu huu. Wasijiamulie.

Maji: hesabu ya steji

Wataalamu wa afya kazini hushauri mtu anayefanya kazi nzito juani anywe kikombe kimoja cha maji kila baada ya dakika 15 hadi 20. Kazi ya bodaboda ina vipindi vya kukaa, kwa hiyo jiwekee desturi: kikombe kimoja kabla ya kutoka nyumbani, na kikombe kimoja kila umalizapo safari mbili au tatu fupi. Usingoje kiu. Pia usinywe lita mbili kwa mkupuo. Tumbo litajaa na utapata kichefuchefu.

Sasa tupige hesabu. Steji yenye wahudumu 10, kila mmoja akinywa lita 3 kati ya asubuhi na jioni, inahitaji lita 30. Huo ni mtungi mmoja na nusu wa lita 20. Wakichangishana, kila mmoja anatoa kiasi kidogo sana kuliko bei ya soda moja. Maji yatibiwe au yachemshwe, mtungi ukae kivulini na uwe na mfuniko, na kila mtu awe na kikombe au chupa yake. Kikombe kimoja kikizunguka vinywa kumi, steji itakwepa jua na kuangukia kipindupindu.

Ukitokwa na jasho sana, tengeneza maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Uji mwepesi, tikiti maji, machungwa na maziwa ya mgando vinafaa pia.

Vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini nyingi, pombe na miraa havichukui nafasi ya maji. Huficha uchovu, na mwili unaendelea kukauka huku mwenyewe akijiona mzima.

Mavazi na kofia

Shida ya Kitale ni koti la alfajiri. Hatusemi lisivaliwe, baridi ya asubuhi kwenye upepo ni ya kweli. Vaa kwa tabaka: shati jepesi la pamba lenye mikono mirefu, sweta, kisha koti. Saa tatu au saa nne jua likipasha, vua sweta na koti, uvifunge kwenye begi au chini ya kamba ya mizigo, ubaki na shati na reflekta. Mikono mirefu ibaki. Hukinga ngozi isiungue, na ukianguka hupunguza michubuko.

Kitambaa chenye maji shingoni ni msaada mkubwa. Kifunge na ncha zake uziingize ndani ya shati zisipeperuke.

Mwavuli mkubwa unaofungwa kwenye pikipiki hutoa kivuli kizuri ukiwa umesimama au ukienda polepole mjini. Kwenye barabara kuu ya Webuye hadi Malaba, upepo wa lori linalokupita unaweza kuushika kama tanga na kukuvuta katikati ya barabara. Ukunje kabla ya kuingia barabara kuu.

Kofia ngumu ndiyo huachwa kwanza joto likizidi. Hutundikwa kwenye kioo au kuvikwa kwenye tangi la mafuta. Sheria ya Trafiki, kifungu cha 103B, inataka mhudumu na abiria wavae kofia ngumu na koti lenye reflekta, na abiria awe mmoja tu. Lakini sababu kubwa kuliko sheria ni fuvu la kichwa. Utafiti uliokusanya matokeo ya nchi nyingi umeonyesha kuwa kofia hupunguza uwezekano wa mwendeshaji kufa katika ajali kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Joto la kofia lina dawa. Ivue kila unaposimama steji, ipate hewa. Chagua ya rangi nyeupe au nyepesi yenye matundu ya hewa na alama ya ubora ya KEBS. Fungua kioo chake mjini, kifunge penye vumbi. Osha kitambaa cha ndani kila wiki.

Abiria wengi hukataa kofia kwa sababu ya jasho la waliotangulia. Wana haki ya kulalamika. Mazungumzo kama haya husikika kila siku:

"Mama, vaa kofia tafadhali."

"Hiyo imejaa jasho la watu, kijana wangu. Nitatoka na mashilingi kichwani."

"Hapana mama, nimeipangusa sasa hivi. Shika hiki kitambaa safi, weka kichwani kwanza ndipo uvae."

Mhudumu aliye na vitambaa vichache safi, au abiria anayebeba leso yake ndogo, amemaliza ubishi huo.

Pikipiki nayo hupata joto

Injini za pikipiki nyingi za bodaboda hupozwa na hewa. Hazina maji. Yale mapezi ya chuma yaliyozunguka injini ndiyo yanayotoa joto nje, na yakijaa matope makavu na vumbi la murram ni kama mtu aliyevaa koti saa nane mchana. Yasafishe kila jioni kwa brashi.

Oili: angalia kiwango chake kila asubuhi injini ikiwa baridi. Joto huifanya iwe nyepesi, na iliyochakaa hushindwa kulinda chuma. Badilisha kwa muda uliowekwa na watengenezaji, hasa ukipanda milima na mizigo.

Tairi: pima presha asubuhi kabla ya safari ya kwanza. Kila joto la tairi likipanda kwa nyuzi tano au sita, presha hupanda kwa takriban kipimo kimoja cha pauni. Ukipima mchana tairi likiwa moto ukaona imezidi, ukatoa upepo, kesho asubuhi utaendesha tairi lililolegea, nalo hupata joto zaidi na kupasuka upesi.

Petroli: hupanuka kwa joto. Lita 10 zikipata joto la nyuzi 20 zaidi huongezeka kwa karibu moja ya tano ya lita. Usijaze tangi hadi shingoni kisha ukaiacha pikipiki juani. Zima injini na mwombe abiria ashuke unapotia mafuta. Petroli iliyohifadhiwa kwenye chupa za plastiki juani ni moto unaongoja cheche.

Ukihisi injini inakosa nguvu, inagonga au inanuka kuungua, simama kivulini na uiache ipoe yenyewe. Usiimwagie maji baridi. Chuma cha moto kinaweza kupasuka.

Barabara wakati wa jua

Lami iliyochakaa huyeyuka na kutoa mafuta meusi juu yake, hasa kwenye kona na matuta. Ukiona lami inang'aa mchana mkavu, punguza mwendo kabla ya kona, usifunge breki ghafla ukiwa umelala upande. Katika maeneo ya miwa, kama Bukembe na Nzoia, tazama mabua yaliyoanguka barabarani. Kwenye murram, vumbi la gari lililotangulia huficha mashimo na watoto wa shule. Kaa nyuma, washa taa.

Anayetoka Bungoma kwenda Malaba saa kumi na moja jioni anaelekea magharibi, jua likimpiga machoni. Kumbuka kwamba dereva aliye nyuma yako naye haoni vizuri. Reflekta na taa ya nyuma zinafanya kazi hapo hata kama si usiku.

Na mvua ya kwanza ikija Machi au Aprili, usishangilie kwa mwendo. Vumbi na oili vya miezi mitatu huchanganyika na matone ya kwanza vikawa utelezi kama sabuni. Subiri mvua ioshe barabara kwanza.

Abiria, nawe una kazi

Panda upande wa kushoto. Pikipiki nyingi zina ekzosi upande wa kulia, nayo huchoma mguu mara moja. Ukiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta ya kupikia wala oili. Akina mama, fungeni leso vizuri isiingie kwenye gurudumu au cheni. Mtoto asikalishwe juu ya tangi mbele. Hapo anapata jua la mbele na joto la injini, tena ndiye wa kwanza kurushwa pikipiki ikigonga kitu. Mama mjamzito na mgonjwa mwenye homa wasafiri asubuhi au jioni inapowezekana. Na ukimwona mhudumu wako anayumba au anajibu ovyo, mwambie asimame. Ni maisha yako pia.

"Nikipumzika, nani atalipa mkopo?"

Hili ndilo swali lenyewe. Wahudumu wengi wana malipo ya kila siku, ya mwenye pikipiki au ya mkopo. Kumwambia mtu apumzike bila kutazama hesabu hiyo ni kumdhihaki.

Tazama basi siku yako. Abiria wengi hupatikana asubuhi, wakienda kazini, shuleni na sokoni, na tena jioni wakirudi. Kati ya saa saba na saa tisa wahudumu wengi huketi juani wakingoja. Muda huo huleta fedha kidogo na madhara mengi. Andika kwa wiki moja mapato ya kila saa katika daftari. Kama saa hizo ni dhaifu, zigeuze kuwa za kula, kunywa, kulala kidogo na kusafisha mapezi ya injini. Steji inaweza kupanga zamu: nusu wakiwa kivulini, nusu kwenye foleni, kisha wabadilishane kila nusu saa bila mtu kupoteza nafasi yake. Siku moja ya kulazwa hospitalini hula mapato ya siku nyingi, na mkopo haungoji.

Kivuli kinaombwa, na kina tarehe zake

Katiba ya mwaka 2010, Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la barabara za kaunti, maegesho, usafiri wa umma na huduma za afya. Kibanda cha steji, mti wa kivuli na bomba la maji karibu na steji ni mambo yanayoweza kuingia katika mipango na bajeti ya kaunti, wananchi wakiyasema kwa wakati.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha hupelekwa kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti hupelekwa kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hatua hizo huwa kuna vikao vya ushiriki wa umma katika wadi. Steji iende na ombi lililoandikwa: mahali ilipo, idadi ya wahudumu, saa wanazokaa juani, na kinachoombwa. Ombi la sentensi tatu lililoandikwa hukumbukwa kuliko kelele za ukumbi mzima.

Wakati huo huo, mvua ya kwanza ni saa ya kupanda miti. Zungumzeni kwanza na ofisi ya wadi kuhusu mahali, mti usije ukakatwa kupanua barabara. Chagueni mti wenye matawi mapana. Mkaratusi hukua upesi lakini kivuli chake ni chembamba. Gawaneni zamu za kuunyweshea hadi ushike.

Maswali ya kujadili steji

1. Kwa nini mhudumu anayekwenda kasi hupoteza maji bila kujua?
2. Mtu ameketi chini kando ya steji saa nane mchana, anaongea maneno yasiyoeleweka. Mtafanya mambo gani matatu ya kwanza, na ni kosa gani mtaepuka?
3. Steji yenu ina wahudumu wangapi, nayo inahitaji mitungi mingapi ya maji kwa siku? Nani atasimamia?
4. Saa zipi za mchana zina mapato madogo kuliko zote kwenu? Zamu ya kivuli itapangwaje?
5. Ombi letu la kivuli litaandikwa na nani, na litapelekwa kabla ya tarehe gani?

Msomee mwenzako asiyepata nafasi ya kusoma. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa jirani yetu, mpakani Busia, miaka ya 1960, baiskeli zilipokuwa zikivusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda. Wale wa kwanza walijua kutafuta mti na kibuyu cha maji kabla ya mlima. Pikipiki imetuongezea mwendo, lakini mwili wa kuiendesha ni ule ule.